Chumvi Ngazini

Kitu cha kwanza kumkasirisha Fundi Zipu katika mji ule wa baridi kilikuwa chupa ya mafuta ya kupikia. Asubuhi yake ya kwanza ya kazi aliipindua juu ya sufuria, akaitikisa, akaipigapiga kitakoni kama mtoto mchanga aliyegoma kucheua, na mafuta yakabaki humo humo, meupe, magumu, yametulia kama yamelipa kodi ya nyumba. Akaiweka chupa kwenye maji ya moto, akakaa kuisubiri. Kazini alichelewa kwa ajili ya mafuta. Hakuna aliyemwamini, na yeye mwenyewe hakujiamini alipokuwa akieleza.

Baada ya hapo ikawa kila siku na kioja chake. Nguo alizoanika nje zilirudi ndani zimesimama wima, suruali ya mumewe ikaegemea ukuta kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Sabuni ya kuogea iligeuka jiwe. Midomo ilimpasuka hata kucheka kukawa na gharama, ingawa cha kuchekesha chenyewe hakikuwepo. Kuvaa tu kulikuwa kazi ya kutoa jasho, fulana juu ya fulana, sweta juu ya sweta, na akishamaliza kufunga koti ndipo anakumbuka kwamba ana haja ndogo.

Mtu pekee ambaye hakuona shida alikuwa mumewe, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Walihamia pale kwa ajili ya kazi yake, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya tanuri usiku kucha. Alirudi asubuhi amepata joto, ananukia vizuri, mashavu yanang'aa, anamkuta mkewe amejikunja kwenye mablanketi, halafu anauliza, "Hivi baridi gani hasa mnayoisema?" Kisha anajitupa kitandani na kukoroma. Fundi Zipu alikuwa amejizuia mara nyingi kumwagia maji, na sababu pekee iliyomzuia ni kwamba maji yenyewe angelazimika kwanza kuyayeyusha.

Jina la Fundi Zipu alipewa na wateja. Alikotoka alikuwa fundi wa nguo za kila aina, magauni ya harusi, sare za shule, suruali za wazee wenye matumbo ya vipimo vinavyobadilika. Huku, kwenye karakana ya kurekebisha nguo mtaa wa pili, msimu mzima wa baridi ulikuwa ni zipu tu. Watu wanavuta zipu wakiwa wamevaa glavu, hawahisi kitambaa kimeingia katikati ya meno, wanavuta kwa hasira, basi. Wengine walikuja wamefungiwa ndani ya makoti yao wenyewe, zipu imewakaba shingoni, wanaongea kwa pua. Aliwakalisha kwenye kigoda, akawapaka mshumaa kwenye meno ya zipu, akawaokoa mmoja mmoja kama daktari wa zamu.

Na kama hayo yote hayakutosha, akaja mama mkwe.

Alikuja "kuwasaidia kuzoea baridi", yeye ambaye baridi yote aliyowahi kuijua maishani ilikuwa ya kufungua mlango wa friji. Alishuka na ndala miguuni. Koti ambalo mkwewe alimshonea kwa mikono yake, la kujazwa pamba na kofia yake nyuma, alilitazama, akalibonyeza kwa kidole, akasema, "Ahsante mwanangu, nikipata mgeni atalilalia." Hita aliiita jiko lisilopika. Kila asubuhi alifungua madirisha yote ili hewa mbaya itoke, ikatoka kweli, pamoja na joto lote lililokusanywa usiku kucha. Fundi Zipu alikuwa akiyafunga nyuma yake kimyakimya, maana mama mkwe hafokewi. Unafunga dirisha, unatabasamu, unakwenda chooni kuuma taulo.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Kubwa lilianzia ngazini.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya ghorofa moja. Wao waliishi juu, na chini aliishi mwenye nyumba, mjane mwenye goti bovu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye wapangaji wote waliopita walimwita Mzee wa Chini. Mlango wa mbele ulikuwa mmoja kwa wote, na kutoka mlangoni hadi barabarani kulikuwa na ngazi fupi za zege. Siku moja asubuhi Mzee wa Chini aligonga dari kwa mkongojo wake, ishara ya kwamba anamwita mtu. Fundi Zipu akateremka akiwa bado anatafuta mkono wa pili wa sweta.

"Mama, tazama hapa."

Akatazama. Ngazi ziling'aa kama kioo cha kabati.

"Barafu hiyo," akasema mzee.

"Naiona, mzee. Si ni baridi?"

"Baridi ni ya mtaa mzima. Tazama ngazi za jirani. Kavu. Za yule pale je? Kavu. Zangu peke yake ndizo zimepakwa barafu kama keki. Jana nimeanguka, mama. Nimekaa chini mbele ya muuza maziwa, na yule muuza maziwa alikuwa mwanafunzi wangu." Aliposema hivyo sauti ilimtetemeka, na haikuwa kwa maumivu. "Haya ni maji. Maji yanatoka juu. Juu mnakaa ninyi. Bomba la jiko lenu linapita ukuta huu huu. Linavuja."

"Halivuji, mzee."

"Linavuja. Narudia: linavuja."

"Mzee, mimi nikikudanganya, cherehani initoboe vidole vyote. Kwetu halivuji hata tone."

Mzee alileta fundi bomba. Fundi bomba akagonga ukuta, akaweka sikio, akalala chini ya sinki, akatoka na utando wa buibui kichwani na kutangaza kwamba bomba ni zima, ila "maji nayo huwa yana njia zake". Akalipwa kwa maneno hayo. Kesho yake ngazi zikaamka na barafu nene zaidi, na safari hii Mzee wa Chini hakugonga dari. Alipanda mwenyewe hadi juu, akijivuta na goti lake, akasimama mlangoni akihema.

"Ikifika Jumapili ngazi zangu ziko hivi, mtafute pengine. Sina ugomvi na ninyi, ni watu wazuri. Ila mimi nikivunjika nyonga sina wa kuniuguza. Mtafute pengine. Narudia: pengine."

Kuhama katikati ya baridi! Fundi Zipu alizikumbuka nyumba walizotembezwa siku walipofika. Ile ya kwanza dirisha lilizibwa kwa boksi. Ya pili ilikuwa na ukungu ukutani uliochora ramani, na hita ilikuwa pambo tu. Wakati huu wa mwaka hata hizo zilikuwa zimeshachukuliwa. Hapa walipo hita ilifanya kazi, karakana ilikuwa karibu, na dari haikudondosha kitu kichwani. Alikuwa amekwisha kuzoea hata ile sauti ya mkongojo. Nyumba hii wakiipoteza, watakwenda wapi na mablanketi yao?

Alirudi sebuleni kutoa habari, akitegemea kuonewa huruma. Mama mkwe akapiga makofi.

"Ahsante Mungu! Tuhame hata leo."

"Tuhame, mama?"

"Nyumba hii si nzuri. Mimi nimeona mambo."

"Mambo gani?"

"Usiniulize. Mwanangu atanielewa."

Mwanawe alikuwa kitandani, mdomo wazi. Fundi Zipu akamtikisa. "Mume wangu, tunafukuzwa, na mama yako anafurahi."

"Mama huwa haongei bure," akajibu yule, akageukia ukuta.

Siku mbili kabla ya Jumapili hiyo, Fundi Zipu aliamka mapema kuliko kawaida. Kulikuwa na koti la mteja ambalo lilitakiwa asubuhi, akataka awahi karakana. Bado kulikuwa na kiza nje. Akiwa anafunga kamba za viatu ndipo akasikia chwaa! Sauti ya maji yaliyotoka kwenye ndoo kwa nguvu za mtu aliyekusudia. Akateremka mbio.

Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Kwenye ngazi ya juu alisimama mama mkwe, ndala juu ya soksi za mwanawe alizozivaa jozi juu ya jozi hadi miguu ikawa kama mito, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono wa pili, anasugua zege huku midomo ikicheza kimyakimya.

Hata katika hali ile, adabu ilitangulia. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Rudi ulale, hili halikuhusu."

"Mama, unafanya nini?"

"Naosha uchafu wa watu."

"Uchafu gani, saa hizi?"

Mama mkwe akatazama nyuma, kwenye mlango wa chini, akamvuta mkwewe kwa kola na kumnong'oneza, "Chumvi."

"Chumvi?"

"Sauti, wewe! Tangu nimefika, kila alfajiri naikuta. Imemwagwa ngazi yote, hadi kwenye kizingiti. Na si chumvi ya mboga, ni ya mawe, nene. Mimi si mtoto, mwanangu. Chumvi iliyomwagwa mlangoni mwa watu usiku najua inatafuta nini. Basi naiosha kabla hamjaikanyaga. Kila siku. Na yeye akizidisha, nami nazidisha ndoo."

"Yeye nani?"

"Huyo babu yenu wa chini! Nimemwona kwa macho yangu haya, nimesimama pale dirishani. Anatoka jioni na kopo, anamwaga, anachechemea, anamwaga, na huku ananuiza maneno. Mtu mzima na mvi zake!"

Fundi Zipu aliketi pale pale kwenye ngazi, akaruka mara moja, maana zilikuwa zimelowa. Yote yakamjia kwa mpigo. Mzee wa Chini alikuwa akimwaga chumvi ili barafu isishike, kama afanyavyo kila mtu katika mji ule. Mama mkwe anaiosha kwa ndoo. Maji yanaganda. Mzee anaanguka, anaongeza chumvi. Mama anaona chumvi imeongezeka, anaongeza maji. Na hayo maneno ya kunuiza, bila shaka yalikuwa matusi ya mwalimu mkuu mstaafu kwa bomba la jiko lao. Na Fundi Zipu mwenyewe ndiye aliyeviweka vidole vyake vyote rehani kwamba maji hayatoki kwao.

"Mama," akasema taratibu, kama mtu anayetegua zipu kwenye koo la mteja, "chumvi inayeyusha barafu. Watu wa huku wote wanamwaga. Inazuia watu wasianguke."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma nyingi. Akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Umeona? Ishaanza kukuingia kichwani."

"Mama, ni kweli!"

"Chumvi iyeyushe barafu, imekuwa moto? Mimi nimepika maisha yangu yote, sijaona chumvi ikichemsha hata kijiko cha maji. Twende juu ukapumzike, mama. Usiogope. Nisingekwambia, lakini umenikuta. Uko mji wa watu, huna ndugu hapa. Nisipokuoshea mlango mimi, nani atakuoshea?"

Hapo ndipo alipommaliza. Mtu aliyekaribia kukutoa barabarani na mablanketi yako, unamfokea vipi, ikiwa anafanya hivyo alfajiri, kwenye baridi, na ndala, kwa ajili yako?

Asubuhi mumewe aliporudi, alimweleza yote. Mwokaji alicheka hadi akakaa.

"Mwambie tu aache."

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Mimi nimetoka kazini."

"Na mimi nakwenda kazini!"

"Basi tuone jioni," akasema, na kabla hajavua kiatu cha pili alikuwa analala. Fundi Zipu alisimama akimtazama. Kisha akalifungua dirisha la chumbani, wazi kabisa, hewa mbaya itoke, akaenda zake.

Karakana ilikuwa imejaa. Alichukua koti la mteja, lile lililotakiwa asubuhi, akalivuta. Zipu ilipanda vizuri, lakini nyuma ya kichwa chake, kile kidude kinachovutwa, meno yalikuwa yanaachana tena, kama watu waliosalimiana tu kwa heshima. Mwenye koti alikuwa ameyabana kwa koleo jino kwa jino hadi mengine yakakatika, na ubovu haukuwa huko kabisa. Kilicholegea kilikuwa kile kichwa kinachoyaunganisha. Fundi Zipu akakichomoa, akatia kingine, zipu ikafunga hadi kidevuni. Akaipandisha na kuishusha zaidi ya ilivyohitajika. Tangu alfajiri alikuwa anahangaika kumtoa mama mkwe imani yake, jino kwa jino, na koleo. Imani yenyewe ilikuwa nzima. Chumvi mlangoni ina nguvu: sawa, iwe na nguvu. Kilichotakiwa kubadilishwa ni upande inaovuta.

Aliporudi, alianzia chini. Mzee wa Chini alimsikiliza akiwa wima, mkongojo umekazwa. Habari ilipofika kwenye uchawi, akaketi.

"Mimi? Mchawi?"

"Samahani sana, mzee."

"Nimefundisha watoto wa mji huu kusoma! Nimekuwa mwalimu mkuu! Mimi nimwage chumvi niroge wapangaji wangu, halafu kodi anilipe nani?"

"Ndiyo maana nimekuja kukuomba radhi. Ni mama mkwe, si bomba. Lakini maji yalitoka kwetu, na mimi nilikubishia. Usitufukuze, mzee. Nipe hadi hiyo Jumapili, nitalimaliza."

Mzee alisugua goti. Halafu, bila kumtazama, akauliza, "Kwa hiyo huyo mama... ananiogopa?"

"Mno. Akisikia mlango wako unafunguka, anashika kifua."

"Anashika kifua." Aliyarudia maneno yale polepole, kama anayaonja. "Tangu nistaafu, mama, hakuna mtu aliyeniogopa. Hata yule muuza maziwa. Zamani akiniona anatumbukia mtaroni. Siku ile alinicheka."

"Basi nisaidie kitu kimoja. Ukimwaga chumvi, mwaga kwa utulivu. Usitukane bomba."

"Mimi sidanganyi mtu. Narudia."

"Usidanganye, mzee. Nyamaza tu, uonekane mwenye jambo."

Kunyamaza akionekana mwenye jambo ndiyo ilikuwa kazi yake maisha yote. Akakubali.

Juu, Fundi Zipu alifunga mlango, akasogea karibu na mama mkwe hadi vichwa vikagusana. "Mama, nimepeleleza. Ulikuwa sahihi, ile chumvi si bure."

"Nilikwambia!"

"Ila yule mzee hatulogi sisi. Anazindika. Nyumba ni yake, anaifunga mabaya yasipite mlangoni. Sisi wote tumo ndani ya zindiko."

Mama mkwe aliitupia macho ndoo yake. "Mbona hakusema?"

"Zindiko likitangazwa si linapoa?"

Hilo mama mkwe alilijua. Polepole mikono ikampanda kichwani. "Ewe Mola wangu. Na mimi nimeliosha! Kila siku, na sabuni! Ndiyo maana baba wa watu akaanguka!"

Kwa namna fulani huyu mama alikuwa amesema kweli tupu.

Jumapili asubuhi ngazi zilikuwa kavu kama za jirani. Mzee wa Chini alizikagua moja moja kwa ncha ya mkongojo, kisha akainua uso dirishani, akaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa uzito wa siku ya kutoa matokeo. Mama mkwe akajibu kwa kuinamisha kichwa, mkono kifuani. Hakuna aliyetaja tena kuhama. Fundi Zipu alirudi kitandani na viatu vyake, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu msimu uanze.

Angejua, angelala na jioni yake. Maana alipotoka karakana siku iliyofuata, viatu vilianza kusaga kitu tangu barabarani. Ngazi zilikuwa nyeupe. Korido nyeupe. Ngazi za ndani, nyeupe. Juu, kila dirisha lilikuwa na mstari wake wa chumvi, na ndani ya viatu vya kazini vya mumewe mlikuwa na konzi nzima. Mama mkwe alisimama katikati ya sebule na kopo tupu, amevaa lile koti la pamba, kofia imefungwa kidevuni, kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nimemsaidia yule mzee," akasema. "Goti lake bovu, hawezi kufika kote. Na hizi kazi za kutoka toka nje zinataka koti."

"Mama... umemaliza chumvi yote?"

"Na ya jikoni pia. Halafu nimefikiri. Nilisema nitaondoka baridi ikiisha, lakini nyumba imeshazindikwa, na zindiko linataka mtu wa kulitunza. Nimwachie nani? Nakaa."

Mumewe alitoka chumbani akijikuna, tayari kwa kazi, akajipakulia mboga, akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akatazama sahani, akatazama mkewe.

"Mbona mboga haina chumvi?"

Fundi Zipu alishika zipu ya koti lake aishushe. Nayo ilikuwa imeshazindikwa, imejaa chembe nyeupe katikati ya meno, imekwama shingoni, haipandi wala haishuki.

"Teremka ngazini," akamjibu kwa pua, "ukalambe."